Je, Skauti ni Jeshi la Watoto?

Kwa miaka mingi watu wengi wameamini kwamba skauti ni maandalizi ya kuingia jeshini. Dhana hiyo haikuzuka hivihivi: mwanzilishi wake, Robert Baden-Powell, alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza, na sare, gwaride na saluti kila mtu anaziona.

Lakini itazame kambi ya majaribio ya uskauti aliyoiendesha mwaka 1907 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Wavulana wapatao 20, baadhi kutoka shule za matajiri na wengine wa familia za wafanyakazi, waligawanywa katika vikundi vidogo, kila kimoja kikiongozwa na mvulana mwenzao. Walijifunza kuwasha moto, kufuata nyayo, kufunga mafundo na kuokoa maisha. Uzalendo ulifundishwa pia, na si haki kulificha hilo. Ila shabaha ilikuwa kumlea raia mwema anayejitegemea. Wasichana walipata chama chao mwaka 1910.

Ukitaka kuhakikisha, soma ahadi ya skauti: maneno hutofautiana kidogo kati ya nchi na nchi, lakini kusaidia watu hakukosekani. Kisha omba masharti ya beji uyapitie moja moja: huduma ya kwanza, upishi, kuogelea. Uliza pia kuhusu kujitoa. Uskauti ni wa hiari, na anayetaka kuacha huacha.