Mazungumzo ya kundi yakiuzwa: dhana potofu na ukweli

Dhana: Aliyeandika mbele ya watu alikubali maneno yake yatunzwe milele.

Usenet, mtandao wa mijadala ulioanzia vyuo vikuu viwili vya North Carolina, Marekani, mwaka 1980, unaonyesha vingine. Diski zilikuwa ndogo na ghali, hivyo seva zilifuta ujumbe wa zamani baada ya siku au wiki chache ili kupisha mpya. Watu waliandika kama wapigao soga barazani. Huku Chuo Kikuu cha Toronto, mtaalamu wa kompyuta Henry Spencer akinakili ujumbe huo kwenye kanda za sumaku. Mwaka 1995 ikaja Deja News, tovuti ya kuhifadhi na kutafuta ujumbe wa Usenet, na mtu akaweza kutafutwa kwa jina lake. Google ilinunua hazina ya Deja News mwaka 2001, na kabla mwaka haujaisha ikafungua ujumbe zaidi ya milioni 700, wa tangu 1981. Mwanafunzi aliyeomba ushauri usiku mmoja angeweza kusomwa na mwajiri wake miaka 15 baadaye. Hilo hakuliridhia, hata kama hakuna aliyemwibia nywila.

Dhana: Asiyetaka angejitoa.

Ilikuwapo alama ya kukataa ujumbe usihifadhiwe, X-No-Archive, lakini ilikuja enzi za Deja News. Aliyeandika mwaka 1985 angeiwekaje? Na hata aliyeiweka, mwenzake akimjibu kwa kumnukuu, nukuu ilibaki.

Dhana: Mwenye seva ndiye mwenye maneno.

Masharti ya Reddit, tovuti ya mijadala, yenyewe yanasema mwandishi hubaki mmiliki. Anachotoa ni leseni, tena pana mno. Mwaka 2024, ikijiandaa kuingia soko la hisa, kampuni hiyo ilitangaza mikataba ya kuruhusu data yake itumike, yenye thamani ya dola milioni 203 kwa jumla.

Dhana: Anayepinga kuuza anapinga kuhifadhi.

Hapana, na hapa ndipo ninapoumia zaidi. Hifadhi hizo ndizo zinazotuwezesha kusoma tangazo la Linus Torvalds la Agosti 1991 kuhusu mfumo wa kuendesha kompyuta uliokuja kuitwa Linux. Kutunza kumbukumbu ya kundi ni kazi ya heshima. Kuiuza ni jambo jingine, linalohitaji ridhaa yake lenyewe. Mei 2024, Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu za kompyuta, ilipotangaza makubaliano na OpenAI, kampuni ya akili bandia, ya kutumia majibu hayo, baadhi ya wanachama walijaribu kufuta majibu waliyoyatoa bure. Majibu yakarejeshwa, na wao wakasimamishwa.