Kashata za tairi la tope: zichimbe au zielee?

Fundi akikwambia tairi lako halina kashata, anazungumzia yale matuta ya mpira yanayogusa ardhi. Yakiisha, tairi ni kipara. Kwenye tairi la lami kashata ni fupi na zimebanana. Kwenye ATV, ile pikipiki ya magurudumu manne, tairi linalokuja na chombo huwa na kashata za kama nusu inchi hadi robo tatu, na tairi la tope huanzia inchi 1, mengine hupita 2. Wanunuzi wengi huishia hapo: ndefu zaidi ndiyo bora. Hapo ndipo pesa zinapopotea.

Kashata haifanyi kazi peke yake, inafanya kazi pamoja na pengo lililo kati yake na jirani yake. Peleka tairi la kawaida kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule wa Usukumani au wa nyanda za Maasai Mara, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Likizunguka mara chache tu mapengo yote yamejaa, na unachokitazama si tairi tena, ni andazi jeusi. Udongo ule ni wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Ukishaganda kwenye mpira hauachi mpaka uukwangue kwa kijiti. Tairi la tope lina kashata chache zilizoachana, ili likizunguka liteme. Kwa hiyo mimi huangalia pengo kwanza, urefu baadaye. Na ubavuni mwa tairi hutafuta mshale: kashata nyingi za tope zimepangwa mfano wa V, na ukifunga tairi kinyume linatema vibaya.

Sasa swali lenyewe. Chini ya tope lako kuna nini?

Wakulima wa mpunga wanalijua jibu kuliko wauza vipuri. Chini ya jaruba kuna tabaka gumu, ndiyo maana pawatila, lile trekta dogo la kushika kwa mikono, huvuliwa matairi ya mpira na kufungwa magurudumu ya chuma yanayokata tope hadi kulifikia tabaka hilo. Tope la namna hiyo linataka tairi refu, jembamba, lenye kashata ndefu: lizame kidogo, likanyage pagumu, lisonge mbele. Mvua za mwanzo kwenye udongo mweusi nazo ziko hivyo, juu pamelowa na chini bado pakavu. Lakini nenda kwenye kinamasi cha mafunjo, mahali ambapo mti unaingia wote bila kugota. Hapo kashata ndefu ni jembe. Kila ukiongeza mafuta unajichimbia shimo. Panataka tairi pana, laini, lenye kashata za wastani, na dereva mwenye mkono mwepesi. Tairi moja haliwezi yote mawili, na anayekuuzia kwa maneno hayo muulize yeye huendesha wapi.

Namba zilizoandikwa ubavuni zinasomeka hivi: 25x8-12 ni tairi lenye urefu wa inchi 25 kutoka juu hadi chini, upana wa 8, rimu ya 12. Ukitoka 25 kwenda 27 umeongeza inchi 2, lakini chombo kinanyanyuka inchi 1 tu, kama sentimita mbili na nusu, kwa sababu nusu ya nyongeza iko juu ya ekseli.

Na springi je? Honda ilipotoa chombo chake cha magurudumu matatu mwaka 1970, hakikuwa na springi wala shokapu. Matairi manene yenye upepo kidogo ndiyo yaliyokuwa springi. Ukilikumbuka hilo hutaanza na shokapu za bei mbaya wakati tairi bado ni kipara.

Kunyanyua chombo kunasaidia tatizo moja hasa: kukalia tumbo, pale chombo kinapolala juu ya tope na magurudumu yote manne yanazunguka bure. Hapa angalia nyuma ya chombo chako. Kama kila gurudumu lina mkono wake, vyuma vya kunyanyulia vitapandisha tumbo pamoja na difu, ile nyumba ya gia iliyo kati ya magurudumu. Kama ni ekseli moja nzima inayounganisha magurudumu mawili, springi ndefu itapandisha kiti na fremu tu. Ekseli itabaki pale pale, na dawa yake ni tairi refu. Watu wamelipa pesa nzuri bila kuijua tofauti hii.

Tena kunyanyua kuna bei yake. Shafti za pembeni zinainama zaidi, sivijointi, yaani viungo vya shafti hizo, zinafanya kazi kwenye pembe mbaya, mpira unaozifunika unachanika, tope linaingia, na baada ya hapo utasikia ka-ka-ka ukikata kona. Uzito nao umepanda juu, kwa hiyo kwenye mteremko wa pembeni chombo kinapinduka upesi zaidi. Inchi 2 zinavumilika. Zaidi ya hapo, jiandae kubadilisha vitu vingine.

Tairi kubwa pia ni zito. Chombo kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu kwa mkanda kitaanza kunuka mpira unaoungua, maana kutoka 25 hadi 28 ni sawa na kuongeza gia asilimia 12. Tumia gia nzito, ile ya L, na ikibidi fundi abadilishe springi za klachi. Kwenye shokapu zungusha ile pete ya chini kukaza springi kabla ya kuwaza kununua mpya. Kisha kata usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, uone kama kashata zinakwangua plastiki.

Upepo unapuuzwa mno, na ni wa bure. Gari dogo hubeba kama PSI 30, kipimo cha msukumo wa upepo kinachosomeka kwenye geji. ATV nyingi ni PSI 5 hadi 7, na kibandiko chenye namba halisi kiko kwenye chombo chenyewe. Geji nyingi za vituo vya mafuta zimetengenezwa kwa magari, huko chini hazisomi vizuri, na kijana wa upepo akijaza kwa mazoea tairi linakuwa gumu kama mpira wa miguu. Nunua geji ndogo ya upepo mdogo, ukae nayo chini ya kiti.