Kusuka Nywele Nyumbani: Mtoto Akisema Inauma, Fumua

Kila likizo ndefu inapoanza, katika kliniki ya ngozi ninakohudumu huongezeka watoto wa kike wenye vipele na uvimbe kichwani. Wengi wao wamesukwa nyumbani na mama, dada au shangazi ambaye ndiyo kwanza anajifunza. Ninawajibu walezi maswali yaleyale, nami nimeyaandika hapa.

Swali: Kunyonyoka nywele kwa kuvutwa ni nini?

Jibu: Kila unywele huota kutoka kwenye kifuko kidogo kilichomo ndani ya ngozi. Kifuko hicho kikivutwa siku baada ya siku huvimba na kudhoofika, unywele unakonda na kung'oka. Kikiendelea kuvutwa kwa miaka, mahali pake hubaki kovu, na penye kovu hapaoti tena. Tatizo huanzia kwenye panja, juu ya paji la uso na nyuma ya masikio, ambako nywele ni laini na ndiko msusi anakovuta zaidi.

Swali: Ndiyo kwanza ninajifunza. Nisipokaza, mistari inafumka baada ya siku mbili. Nifanyeje?

Jibu: Anayejifunza hukaza kwa sababu vidole vyake bado vinateleza, akadhani kwamba nguvu ndiyo inayoleta unadhifu. Unadhifu hutokana na mstari ulionyooka na kuokota nywele kwa kiasi kilekile kila unaposogea mbele. Lowanisha nywele kidogo, zipake mafuta, zichane kwa chanuo lenye meno mapana kuanzia nchani kuelekea kwenye shina, kisha gawa mistari michache minene, kwa kuwa mistari sita ya twende kilioni inatosha kabisa kwa mkono mgeni. Vidole vikae karibu na ngozi na vifuate umbo la kichwa, badala ya kuinua nywele juu na kuzivuta. Zile nywele za malaika zilizo pembezoni mwa uso ziache zilivyo, hazikuumbwa zisukwe. Ukitumia rasta, anza mstari kwa nywele za mtoto mwenyewe, ndipo uongeze rasta kidogo kidogo, ili fundo zito lisining'inie kwenye nywele dhaifu za mbele.

Ukimaliza, mwambie mtoto ainue nyusi, afumbe macho kwa nguvu, kisha acheke. Ikiwa ngozi imeinuka vijilima kwenye mashina, au nyusi zimevutwa juu kiasi kwamba mtoto anaonekana kushangaa muda wote, umekaza mno. Msuko uliofumka mapema utausuka tena kesho, na mkono utazidi kuzoea.

Swali: Mwanangu alilia usiku wa kwanza, nikampa dawa ya maumivu akalala. Je, maumivu ya siku mbili tatu si ya kawaida?

Jibu: Si ya kawaida. Ni ya mazoea, na mazoea hayo ndiyo yanayojaza benchi letu. Dawa ya maumivu hunyamazisha kilio, lakini nywele zinaendelea kuvutwa mtoto akiwa usingizini. Maumivu yakiisha siku ya tatu, mara nyingi ni kwa sababu msuko umelegea wenyewe, au nywele zilizokuwa zikivutwa zimekwisha kung'oka. Fumua usiku huohuo.

Swali: Lakini nimetumia saa tano kumsuka, na wahenga walisema ukitaka uzuri sharti udhurike.

Jibu: Methali hiyo ninaisikia mno. Mtoto wa miaka 5 hakutaka uzuri wowote. Alitaka kwenda kucheza. Mafuta hayalegezi msuko uliokazwa, maji hayalegezi, na kumkanda kichwa hakulegezi. Fumua, hata kama umemaliza sasa hivi, na hata kama kesho kuna harusi. Ikiwa kweli huna muda wa kufumua kichwa kizima, fumua mistari ya mbele na ya pembeni usiku huu, iliyobaki uimalizie asubuhi.

Swali: Kwenye mashina ya nywele kuna vitu vyeupe. Ni mba au mayai ya chawa?

Jibu: Shika kimoja kwa kucha. Yai la chawa huganda mahali pake. Kikiteleza kwa urahisi kando ya unywele kama pete, huenda ni kiganda kilichotoka ndani ya kifuko kwa sababu ya kuvutwa. Basi usikimbilie dawa ya chawa, fumua. Ukiona vipele vyenye usaha, uvimbe wa tezi kisogoni, au homa, fumua na umpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo. Usivipasue vipele, na usisuke upya juu yake ili kuvificha.

Swali: Nywele zangu mwenyewe zimerudi nyuma kwenye panja kwa miaka kadhaa. Mafuta ya nyonyo au maji ya kitunguu yatazirudisha?

Jibu: Hapa ndipo tunapopoteza watu. Mama anapaka nyonyo mwaka mzima, anahamia kwenye kitunguu, anafunika kwa kilemba, na chini ya kilemba bado amesuka. Anapokuja kwetu ngozi imekuwa laini na inang'aa, haina hata alama ya kitundu cha unywele, na hapo hatuna mengi ya kumpa. Angekuja akiwa bado na vinywele vyembamba, kuacha kuvuta pamoja na matibabu kungeweza kumsaidia. Njoo mapema, na uje ukiwa umefumua.

Swali: Je, nimtie mtoto dawa ya kulainisha nywele ili kusuka kuwe rahisi?

Jibu: Hapana. Dawa hiyo huudhoofisha unywele na inaweza kuunguza ngozi, kisha unauvuta ukiwa umekwisha kudhoofika.

Swali: Baada ya kufumua, nimsuke tena lini?

Jibu: Ikiwa palikuwa na vipele au maumivu, subiri ngozi ipone kabisa, kisha uongeze wiki kadhaa za kumwachia nywele wazi. Nywele hukua kwa takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo usitarajie panja zijae kwa wiki mbili. Ukirudi kusuka, badilisha njia ya mistari ili mvuto usirudi palepale, na msuko wa mtoto usikae zaidi ya wiki tatu au nne.