Mwenyekiti akiondoka, deni la mchezaji linabaki klabuni

Kila dirisha la usajili linapokaribia, simu za ofisini kwetu huongezeka, na safari hii zimezidi. Wanaopiga ni wanachama wenye kadi zao, viongozi wa matawi, wakati mwingine makatibu wa klabu wenyewe. Swali ni lile lile: kwa nini klabu yetu ifungiwe kusajili wakati deni liliachwa na uongozi uliopita? Nitalijibu kwa kirefu, nikiamini kwamba anayeuliza anaitakia klabu yake mema. Makala hii ni ya elimu tu. Haizungumzii shauri lolote ambalo bado liko mezani.

Aliyesaini ni mwenyekiti, aliyeajiri ni klabu. Mwenyekiti akijiuzulu, akiangushwa kwenye uchaguzi au akifariki, mkataba unaendelea na mshahara uliolala unaendelea kudaiwa. Ndivyo ilivyo hata shuleni au kiwandani. Hata hivyo bado tunapokea barua zenye mihuri zikituomba tuiandikie FIFA kwamba "uongozi ni mpya". Barua hiyo hatuwezi kuiandika, na hata tungeiandika isingebadilisha kitu.

Sasa utaratibu. Tuchukue mfano wa mchezaji wa kigeni anayelipwa shilingi milioni 5 kwa mwezi. Klabu ikimkalia mishahara ya miezi miwili, anaruhusiwa kuiandikia barua ya kuidai na kuipa siku zisizopungua 15. Zikipita bila malipo, anaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali. Tuseme wakati huo amebakiza miezi 14. Deni lililokuwa milioni 10 sasa ni milioni 80, kwa sababu mishahara ya miezi iliyobaki imegeuka fidia. Akipata timu nyingine kabla ya muda huo kuisha, atakacholipwa huko hupunguzwa kwenye fidia, lakini huongezewa mishahara ya miezi mitatu kwa kuwa chanzo cha kuondoka kwake kilikuwa malimbikizo. Juu yake mara nyingi huja riba. Nimewaona viongozi wakiichana barua ile ya siku 15 kwa hasira, wakisema mchezaji hana adabu. Jamani, barua ile ndiyo nafasi ya kulimaliza jambo kwa milioni 10.

Mchezaji ana miaka miwili ya kufungua madai. Wa kigeni huenda kwenye Mahakama ya Soka ya FIFA. Mzawa anayedai klabu ya nyumbani huanzia kwenye Kamati ya Katiba, Sheria na Hadhi za Wachezaji ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF. Kwa upande wa FIFA, uamuzi kwa kawaida hutoka kwanza bila sababu zake. Klabu ina siku 10 za kuomba sababu hizo kwa maandishi. Isipoomba, uamuzi umekuwa wa mwisho na haki ya rufaa imepotea. Ikiomba na kupewa, ina siku 21 za kukata rufaa katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, iliyoko Lausanne, Uswisi. Uamuzi ukishakuwa wa mwisho, malipo yanatakiwa ndani ya siku 45 tangu klabu ipewe uamuzi huo pamoja na akaunti ya benki ya mdai.

Siku hizo zikiisha na mdai akasema hajalipwa, kufuli linafungwa. Tangu kanuni zilipobadilishwa mwaka 2018, adhabu hii imo ndani ya uamuzi wenyewe, hakuna kikao kingine cha kujitetea. Klabu haitasajili mchezaji mpya, wa ndani wala wa nje, mpaka ilipe, kwa muda unaoweza kufika madirisha matatu mfululizo. Madirisha matatu ni msimu mmoja na nusu. Baada ya hapo jambo linaweza kupelekwa kwenye Kamati ya Nidhamu, ambako kunyang'anywa pointi au kushushwa daraja kunawezekana. Shirikisho la nchi linatakiwa kuitekeleza adhabu hiyo. Halina mamlaka ya kuisamehe, hata rais wake akiwa shabiki wa klabu husika.

Niliwahi kukaa na katibu mpya wa klabu moja ambayo sitaitaja. Alikuja kulalamika kwamba hawakupewa nafasi ya kusikilizwa. Tulipofuatilia, nywila ya mfumo wa uhamisho wa kimataifa, TMS, alikuwa nayo mtangulizi wake, na baada ya uchaguzi wenye maneno mengi hawakuwa wakisalimiana. Madai yalikuwa yameingia, muda wa kujibu ukaisha, uamuzi ukatoka, siku 10 zikapita. Mchezaji mwenyewe aliniambia kwamba angekubali kulipwa kwa awamu kama kuna mtu angemjibu. Inaniuma hadi leo, kwa sababu lile ni deni ambalo mazungumzo ya nusu saa yangelitatua. Nawaomba sana wajumbe wa kamati za utendaji: makabidhiano ya ofisi yasiwe ya funguo na makombe tu. Mikataba yote, barua za madai na nywila viandikwe kwenye hati ya makabidhiano, pande zote mbili zisaini.

Kuna mkanganyiko mwingine ambao lugha yetu imeuchangia. Tunasema "mdhamini" kwa kampuni inayoweka nembo kifuani mwa jezi, na tunasema "wadhamini" kwa wazee wa Bodi ya Wadhamini wanaoshikilia mali za klabu. Hawa ni watu wawili tofauti kabisa, na hakuna kati yao anayewajibika kulipa mishahara ya wachezaji kwa sababu tu ya jina hilo. Mfadhili ni tofauti pia: hutoa fedha yake kwa mapenzi, na mapenzi yakiisha hana anachodaiwa. Yanga walilijua hili Yusuf Manji, mwenyekiti na mfadhili wao, alipojiuzulu mwaka 2017. Klabu ya tangu 1935, yenye mashabiki kila kona ya nchi, ilifika mahali pa kutembeza bakuli ili wachezaji walipwe. Nairobi walilijua mwaka 2019, pale kampuni ya kubashiri ya SportPesa ilipokuwa kwenye mgogoro wa leseni na kodi na serikali ya Kenya, ikafuta udhamini wake. Gor Mahia na AFC Leopards walibaki na mikataba ya wachezaji na makocha iliyosainiwa kwa kutegemea fedha hizo, na miaka iliyofuata klabu zote mbili zikafungiwa na FIFA kusajili.

Mwekezaji ni habari nyingine. Kanuni za serikali zinataka wanachama wabaki na asilimia 51 au zaidi ya klabu inayogeuzwa kampuni, na ndiyo maana sehemu ya mfanyabiashara Mohammed Dewji, aliyeahidi shilingi bilioni 20 Simba na kukubaliwa na mkutano wa wanachama wa Desemba 2017, iliishia asilimia 49. Wengine wanadhani kampuni ikishasajiliwa, madeni ya klabu ya zamani yanazikwa. Hapana. FIFA hutazama jina, rangi za jezi, makao makuu, wachezaji, wamiliki na daraja inalocheza timu. Ikiridhika kwamba ni klabu ile ile kwa vazi jipya, mrithi analipa.

Kwa hiyo mwanachama anapokwenda mkutano mkuu asiishie kuuliza nani anasajiliwa. Aulize mishahara ya miezi mingapi haijalipwa, ni mashauri mangapi yako wazi na ya kiasi gani, mkataba wa udhamini unaisha lini ukilinganisha na mikataba ya wachezaji. Ataambiwa hizo ni siri za klabu. Majina na kiasi cha kila mchezaji ni siri, nakubali. Jumla ya deni si siri, inatakiwa ionekane kwenye hesabu zilizokaguliwa. Leseni ya klabu ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, nayo inapitia hesabu hizo, na bingwa wa nchi asiye na leseni hachezi Afrika.

Mwisho, kwa matawi yanayochanga kuiokoa timu, na moyo huo tunauheshimu: fedha iingie akaunti ya klabu, isipite kwenye simu ya mtu. Klabu imlipe mdai kwenye akaunti ile ile aliyoiwasilisha FIFA, si bahasha mkononi, kisha hati ya benki iwasilishwe FIFA siku hiyo hiyo. Mdai huulizwa kama amepokea kabla ya kufuli kufunguliwa, na fedha inayokwenda nje ya nchi inaweza kuchukua siku kadhaa benki. Anayelipa Ijumaa kwa dirisha linalofungwa Jumamosi atapata risiti, na wachezaji wake hawatasajiliwa.