Asaimenti za historia ya Marekani ya miaka ya 1800: wazazi someni hapa kabla hamjapiga simu

Shikamooni wazazi wangu, na wenzangu habari za leo. Mi nafanya kazi ofisi ya mitaala ya wilaya moja ya shule huku Marekani, upande wa historia, na malalamiko ya wazazi wanaoongea Kiswahili yakija yanaletwa kwangu. Toka muhula huu uanze yamekuwa mengi sana, na mengi yanahusu kitu kimoja, asaimenti za historia ya Marekani ya karne ya 19, darasa la nane na la kumi na moja. Huyu mtoto wake kapewa sifuri, yule mtoto wake kasomeshwa mambo ya utumwa mpaka kalia, mwingine anasema mwalimu hafundishi anagawa makaratasi tu. Nimejibu kwa simu mmoja mmoja nimeona haitoshi. Ninachoeleza ni utaratibu wa wilaya yetu, majimbo na wilaya zingine wana sheria zao, kwa hiyo ukiwa kwingine uliza shule yako kwanza kabla hujaenda kusema fulani kaandika hivi.

Tuanze na hayo makaratasi, maana ugomvi mwingi unaanzia hapo.

Mwalimu anampa mtoto hati tano sita hivi, inaweza kuwa barua, kipande cha sheria, hotuba, katuni ya gazeti, ramani, afu swali moja kubwa. Mtoto azisome, ajibu swali kwa hoja yake mwenyewe, na kila hoja aseme kaitoa kwenye hati ipi. Ule mtihani wa AP, wa masomo ya kiwango cha chuo yanayofanywa sekondari, ni mtindo huohuo, ila hati zinakuwa saba, dakika 60, na robo nzima ya alama za mtihani ziko kwenye hilo swali moja. Kwa hiyo mzazi akiniambia "mwanangu ana kichwa kizuri, miaka yote anaijua", nafurahi kwa kweli, lakini kama hati hakuigusa hiyo miaka haimvushi.

Chukua swali lililoleta simu nyingi: kwanini majimbo ya Kusini yalijitenga 1860 na 1861? Mtoto anaingia Google, anakuta "haki za majimbo", anaandika ukurasa mzima, anarudishiwa alama 40, mzazi anapiga simu kwa hasira. Sasa kwenye zile hati kulikuwa na tamko la Mississippi wenyewe la Januari 1861, na pale mwanzoni tu wanasema msimamo wao umefungamana na utumwa, na kwamba utumwa ndo maslahi makubwa ya mali kuliko yote duniani. Kulikuwa na hotuba ya Alexander Stephens, makamu wa rais wa hao waliojitenga, aliyoitoa Savannah Machi 1861, anasema serikali yao mpya msingi wake ni kwamba mtu mweusi hayuko sawa na mweupe. Wamesema wao wenyewe kwa midomo yao. Mtoto akiyaruka hayo akaenda kuchukua maelezo ya watu waliokuja baadaye kuisafisha hiyo habari, mwalimu atampa alama za nini?

Na Lincoln, aliyekuwa rais wa Marekani wakati huo. Baba mmoja alikuja ofisini na karatasi ya mwanae mkononi, mtoto kaandika Lincoln alifuta utumwa Marekani nzima tarehe 1 Januari 1863 na mwalimu kaweka mkasi mwekundu, baba anasema huyu mwalimu hajui historia, hata sisi tulifundishwa hivyo shuleni. Nikamfungulia lile tangazo lenyewe la Lincoln la siku hiyo tukasoma wote, mi natafsiri. Linataja majimbo yaliyokuwa kwenye uasi, moja moja kwa jina. Kuna sehemu za Louisiana na Virginia zimetajwa kwa jina kwamba hazihusiki. Kentucky, Maryland, Delaware na Missouri, ambazo zilikuwa na watumwa lakini hazikuasi, hazimo kabisa. Kule Galveston, Texas, jeshi lilifika kutangaza uhuru Juni 19, 1865, na utumwa nchi nzima ukafutwa kisheria na Marekebisho ya 13 ya Katiba, Desemba 1865. Yule baba alinyamaza kidogo akasema, "Kumbe imeandikwa hivi?" Ndio, imeandikwa hivi, ndo maana tunawaambia watoto wasome karatasi yenyewe. Hili nimelieleza mara nyingi mno na bado naletewa kila wiki, naomba liishe.

Sasa kukopi. Hapa niwe muwazi maana ndo pana adhabu na watu wengi hawazijui mpaka ziwakute.

Wengi wetu tumesoma shule ambazo ukinakili kitabu neno kwa neno unapewa vema kubwa. Huku kunakili bila kusema umetoa wapi ni wizi wa kitaaluma, hata kama ni sentensi mbili, hata kama umebadilisha maneno mawili matatu. Na zile programu za akili mnemba zinahesabiwa hivohivo kama mwalimu hakuziruhusu. Juzijuzi nimeletewa insha ya mtoto kuhusu Frederick Douglass, yule aliyetoroka utumwa akawa anaupinga kwa hotuba, imenyooka kweli, ina nukuu tatu za hotuba yake ya Rochester, Julai 5, 1852, ile ya kuwauliza Wamarekani sikukuu yao ya uhuru inamhusu nini mtumwa. Nikaitafuta hotuba nzima nikapitia mstari kwa mstari, nukuu mbili hazimo. Programu imezitunga. Mtoto hakuwa na nia mbaya, aliamini mashine, lakini kamwekea Douglass maneno mdomoni, mtu aliyejifunza kusoma kwa kificho kwa sababu bwana wake alikataza asifundishwe. Mi hilo liliniuma.

Utaratibu wetu uko hivi. Mwalimu akishuku, haruhusiwi kutoa sifuri papo hapo, lazima amuite mtoto amuulize kazi kaifanyaje, na aangalie historia ya faili kwenye kompyuta ya shule, inaonyesha kama iliandikwa kidogo kidogo au ilibandikwa kwa mkupuo. Ikithibitika, mara ya kwanza mtoto anarudia ndani ya siku 5 za shule na alama ya juu anayoweza kupata ni 70, mzazi anatumiwa barua, na hiyo barua isainiwe irudi, isiporudi kazi ya marudio haipokelewi. Mara ya pili ni sifuri, hakuna marudio, na mzazi anaitwa. Mara ya tatu inaenda kwa naibu mkuu wa shule, inaingia kwenye rekodi ya nidhamu, na hapo timu za michezo na vyama vya heshima vya wanafunzi bora vinaweza kumuacha. Hesabu inaanza upya kila mwaka wa shule, sio kila muhula, hilo watu wanalikosea. Kukata rufaa una siku 10 za shule toka tarehe iliyoandikwa kwenye barua, sio tarehe uliyoifungua, na iwe kwa maandishi, ya Kiswahili tunapokea. Kuchelewesha ni jambo lingine kabisa: pointi 10 kwa siku mpaka siku ya tano, baada ya hapo haipokelewi bila sababu ya ugonjwa au msiba. Ukitaka kuona rekodi ya mwanao sheria ya nchi inakupa haki hiyo, shule inatakiwa ikuonyeshe ndani ya siku 45 toka ulipoomba.

Kuhusu mtoto kulia. Mama mmoja aliniambia, "Sisi tumekimbia vita, mtoto nimemleta huku apumzike, mnamsomesha watu wanauzwa?" Mama yangu, nakusikia, na sikudharau hata kidogo. Kilichomliza binti yake ilikuwa sensa ya 1860, ile fomu ya watumwa. Mwenye watumwa kaandikwa jina lake kamili, chini yake mistari: umri, jinsia, rangi. 35, mwanamke, mweusi. 9, mwanamume. Mtoto mchanga wa mwezi mmoja kaandikwa moja juu ya kumi na mbili. Majina hakuna. Nchi nzima walikuwa watu 3,953,760 na karibu wote wameandikwa hivyo. Afu anapewa hati ya pili, matangazo ya magazetini baada ya vita ya Kaskazini na Kusini iliyoanza 1861, kama yale ya Christian Recorder la Philadelphia, mtu kawa huru anamtafuta mama yake, anataja jina la mama, jina la bwana aliyewamiliki, mji walikotenganishwa, nani alimnunua, na anaomba wachungaji walisome tangazo kanisani. Swali la asaimenti: fomu inakuonyesha nini na inakuficha nini, na tangazo linarudisha nini? Binti aliandika kwamba fomu imewahesabu watu na tangazo limewapa mama. Alipata alama zote, na alimsomea mama yake kwa Kiswahili kabla ya kuikabidhi. Nyie mliowahi kuandikisha majina ya ndugu kambini ili watafutwe mnalielewa tangazo lile kuliko mwalimu mwenyewe, kwa hiyo msimzuie mtoto kulisoma, kaeni naye.

Ila kuna mpaka. Mwalimu haruhusiwi kumuigizisha mtoto mtumwa, wala kufanya mnada wa kuigiza darasani, wala kuwapanga watoto kwa rangi zao, wala kumwambia mtoto aandike faida za utumwa. Haya yamewahi kutokea mashuleni nchi hii na yameumiza watoto. Likitokea usisubiri mkutano wa wazazi. Andika siku, saa, maneno yaliyosemwa, piga picha karatasi ya asaimenti, mpelekee mkuu wa shule kwa maandishi, na kama siku 3 za shule zimepita kimya leta kwetu. Upande wa pili, kuna majimbo yametunga sheria toka 2021 kuhusu namna ya kufundisha mambo ya ubaguzi, kwa hiyo unaweza kukuta mwalimu anaongea kwa tahadhari sana. Siwezi kuzitolea maoni hapa sheria za majimbo mengine.

Asaimenti nyingine inayosumbua ni ile ya "familia yako ilikuwa wapi karne ya 19". Mtoto wetu anakaa anaangalia karatasi, wenzake wana majina ya mababu waliotoka Ireland au Ujerumani. Mzazi, una haki ya kuomba mbadala na mwalimu anatakiwa akupe bila kukuhoji kwanini. Lakini kabla hujaomba, sikiliza hii. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, ulisainiwa 1833. Mwaka 1837 akaja Zanzibar konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa Salem, Massachusetts, na 1840 meli ya Sultana ikatia nanga New York ikiwa na Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Sultani. Walichokuwa wanaleta wale watu wa Salem ni kitambaa cha pamba, na ndo hicho bibi zetu wanakiita merikani mpaka leo. Pamba ya viwanda vya Massachusetts ilikuwa inavunwa na watumwa wa Kusini. Vita vilipozuka 1861 pamba ikakatika, merikani ikaadimika, soko likachukuliwa na wengine. Na pembe za ndovu zilizobebwa kichwani na wapagazi kutoka bara mpaka pwani, nyingi zikaishia Connecticut, vijiji vya Deep River na Ivoryton, wakazichonga vitufe vya piano. Kijana mmoja alimpigia bibi yake simu ya video kumuuliza merikani ni nini, bibi akainuka akaleta kipande cheupe kilichokunjwa sandukuni akakisogeza kwenye kamera. Picha ya ile simu ndo ilikuwa hati yake namba moja. Kwa hiyo msiseme hatuna kwetu kwenye historia hii.

Kuna na asaimenti zingine. Wacherokee, wenyeji wa asili wa Amerika, kuhamishwa kwa nguvu 1838, watu kama 16,000 na inakadiriwa 4,000 wakafa. Sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia Marekani, 1882. Hizo asaimenti zinafuata njia hiyohiyo, sitazirudia.

Nikija kwenye kusaidia nyumbani, wengi mnasema Kiingereza hakipandi. Haihitajiki. Mwambie mtoto akutafsirie ile hati kwa Kiswahili, afu muulize: nani kasema, kasema lini, alikuwa anamwambia nani, na alikuwa anataka nini? Akishindwa kujibu moja hajasoma vizuri, arudie. Hati nyingi zipo bure kwenye websaiti za Maktaba ya Bunge na za Nyaraka za Taifa, magazeti ya zamani pia yapo, hakuna anayetakiwa kulipia, na mtu akikuuzia "majibu ya historia" WhatsApp anamuuzia mwanao ile barua ya mara ya kwanza niliyoieleza juu.

Mkiitwa kikao, ombeni mkalimani wa Kiswahili, ni bure, ofisi ya mbele ya shule wana fomu, ijazwe siku 3 kabla, na uandike kama Kiswahili chako ni cha Kongo au cha pwani ili tukupangie mtu mtakayeelewana. Mtoto mwenyewe asitumike kutafsiri kwenye kikao kinachomhusu. Shule ikikwambia mkalimani hakuna, usisaini chochote siku hiyo, omba tarehe nyingine na unijulishe.