Skauti Tai na mradi wake: yanayosemwa na yalivyo

Benchi jipya mbele ya maktaba. Daraja dogo la mbao kwenye njia ya msituni. Rafu za vitabu katika shule ya chekechea. Huko Marekani, ukiuliza vitu kama hivyo vimetoka wapi, mara nyingi utaambiwa kuna kijana alikuwa anatafuta cheo cha Eagle, yaani Tai. (Tai huyu ni ndege, si ile ya shingoni.) Ndicho cheo cha juu kabisa ambacho kijana anaweza kufikia katika chama cha skauti kilichoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Boy Scouts of America, na ambacho tangu Februari 2025 kinaitwa Scouting America. Mpita njia huliona benchi tu. Miezi iliyotangulia haioni. Ndiyo maana karibu uvumi wote kuhusu cheo hiki umekaa juu ya benchi hilo.

"Ukimaliza mradi, umekuwa Tai"

Mradi ni sharti moja tu. Kabla yake kuna ngazi sita za kupanda, na ya mwisho kati ya hizo inaitwa Life. Akiwa katika ngazi hiyo, kijana hukaa angalau miezi sita akishiriki shughuli za kikosi chake, na kwa muda kama huo anashika wadhifa wa kuwatumikia wenzake. Lazima awe na beji 21 za ustadi, zikiwemo za huduma ya kwanza na kupiga kambi. Mwisho kabisa anakaa mbele ya jopo la watu wazima na kuhojiwa.

Tena mradi wenyewe ni mgeni katika safari hii. Arthur Eldred wa jimbo la New York, Tai wa kwanza, alipata cheo mwaka 1912. Gerald Ford, ambaye baadaye alikuwa rais wa nchi, alikipata mwaka 1927. Hakuna aliyewadai mradi, kwa sababu sharti hilo liliingia mwaka 1965.

"Lazima ujenge kitu"

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote, na ndiyo inayowapotezea vijana muda mwingi.

Kanuni inamtaka kijana apange, aandae na awaongoze watu wengine katika mradi wa kuinufaisha taasisi ya dini, shule au jamii. Nyundo na mbao hazikutajwa. Anayeendesha siku ya mafunzo ya usalama wa baiskeli kwa watoto yumo ndani ya kanuni. Anayekusanya watu wa kuorodhesha majina kwenye makaburi ya zamani kabla maandishi hayajafutika, naye yumo. Wala hakuna sharti kwamba matokeo yadumu miaka na miaka.

Uzito wote uko kwenye neno "awaongoze". Fundi hodari wa miaka 16 anaweza kujifungia wiki mbili na kutoka na kibanda kizuri kuliko vyote mtaani, na bado asiwe ametimiza sharti, kwa kuwa alifanya kazi peke yake. Mwenzake asiyejua hata kupiga msumari anaweza kulitimiza vizuri kabisa iwapo amegawa kazi, ameita watu, ameona nani amechoka, na amejua la kufanya rangi ilipoisha kabla ya saa sita. Hao "wengine" ni angalau wawili, si lazima wawe maskauti, na umri wao ni wowote unaofaa kwa kazi yenyewe. Zana nyingine kijana haruhusiwi hata kuzishika: msumeno wa mnyororo, kwa mfano, ni wa watu wazima.

"Sharti zifike saa kadhaa"

Wengine husema 80, wengine 100. Hakuna kiwango chochote. Saa zinaandikwa, ndiyo, lakini kwa ajili ya takwimu za chama.

Nadhani najua 80 ilikotoka. Marekani kuna chama kingine, Girl Scouts of the USA, kilichoanzishwa na Juliette Gordon Low mwaka 1912, na tuzo yake ya juu inaitwa Gold Award. Huko msichana hushauriwa atumie angalau saa 80, na mradi wake unatakiwa uwe na namna ya kuendelea baada ya yeye kuondoka. Watu wamechukua masharti ya nyumba moja wakayapeleka kwa jirani. Vyama ni viwili, tuzo ni mbili, na hakuna iliyo nakala ya mwenzake.

Kiongozi wa kikosi akimwambia kijana "kwetu hapa ni saa 100", anavuka mpaka wake. Kanuni za chama zinasema wazi kwamba hakuna kikosi wala mtu mwenye mamlaka ya kuongeza au kupunguza masharti.

"Anza kazi, karatasi zitafuata"

Hapa ndipo wenye haraka hujikwaa. Pendekezo hupata idhini nne kabla kazi haijaanza: ya taasisi itakayonufaika, ya kiongozi wa kikosi, ya kamati ya kikosi, na ya wilaya au baraza la skauti la eneo. Ukipaka rangi ukuta wa shule Jumamosi na kuomba saini Jumatatu, umefanya wema, lakini wema huo si mradi wa Tai.

Kwa upande mwingine, pendekezo si lazima liwe na kila kipimo na kila bei. Linatakiwa kuonyesha kwamba kazi inawezekana, kwamba usalama umefikiriwa, kwamba hatua za kupanga zinajulikana na kwamba kijana atapata nafasi ya kweli ya kuongoza. Mpango wenye undani huja baada ya idhini. Nimeona watu wazima wakimdai mtoto michoro kama ya mhandisi kwenye hatua ya kwanza, na sioni faida yake zaidi ya kumkatisha tamaa.

"Kuchangisha pesa kunatosha"

Hakutoshi. Fedha zinaweza kuchangishwa kwa ajili ya kugharimia mradi, na zikibaki ni mali ya taasisi iliyokusudiwa, si za kijana wala kikosi chake. Mradi hauwezi kuwa wa kunufaisha biashara, na hauwezi kukinufaisha chama chenyewe: kukarabati mabanda ya kambi ya maskauti hakuhesabiki.

"Wazazi ndio hufanya kila kitu"

Sitasema haitokei. Baba fundi na mama mwenye orodha ya simu ni mtihani mgumu kwa mtoto yeyote. Familia kushika koleo na brashi inaruhusiwa. Kushika usukani ndiko hakuruhusiwi. Jopo likiuliza "mlipogundua mbao ni fupi, nani aliamua mfanye nini?", aliyebebwa mgongoni hujulikana mapema.

"Mambo yakienda kombo, cheo kimekwenda"

Kinyume chake, fomu ya taarifa ya mwisho inauliza moja kwa moja ni nini kilikuwa kigumu na ni nini kilibadilishwa njiani. Mabadiliko makubwa yanajadiliwa na mnufaika, kisha kazi inaendelea.

Yaliyobaki, kwa ufupi

Wasichana wanaruhusiwa: milango ya programu hii ilifunguliwa kwao Februari 2019, na kundi lao la kwanza la Tai, karibu 1,000, lilitambuliwa Februari 2021. Si kweli kwamba wanaanga wote waliotembea mwezini walikuwa Tai. Kati ya 12, waliowahi kuwa maskauti ni 11, na Tai ni wawili, Neil Armstrong na Charles Duke.

Halafu umri. Wengi hudhani miaka 18 ndiyo mwisho wa kila kitu. Mahojiano ya jopo yanaweza kufanyika baada ya siku hiyo ya kuzaliwa, lakini masharti mengine yote, mradi ukiwemo, huisha kabla yake. Nyongeza ya muda hutolewa kwa nadra, ingawa kijana mwenye ulemavu wa kudumu anaweza kukubaliwa kuendelea kupita umri huo. Kwa wengine hesabu ni kavu: kwa kuwa ngazi ya Life inadai miezi sita, anayeifikia akiwa na miaka 17 na miezi saba amechelewa, hata kama benchi lake limeshachorwa.