Jumuiya ya kulinda urithi wa mji ni nini?

Ukisikia "jumuiya ya kulinda urithi wa mji", usifikirie ofisi yenye mhuri wa serikali. Ni wakazi walioandikishana wenyewe. Wana katiba, mwenyekiti, katibu na mhazini, wanachanga ada, na hakuna anayelipwa mshahara. Wanachokiangalia ni mji wao: majengo ya zamani, makaburi, miti mikubwa, mabonde, ufukwe. Kitu kikitaka kuondolewa bila wenyeji kuulizwa, wao hupaza sauti mapema.

Uingereza vyama vya namna hii ni vya siku nyingi. Mwaka 1957 mwanasiasa Duncan Sandys alianzisha taasisi ya kuviunganisha, na miaka 10 baadaye ikapitishwa sheria ya kulinda mtaa mzima badala ya jengo mojamoja.

Kwetu Tanzania wengi huuliza: kwani serikali haina idara ya Mambo ya Kale? Inayo, na sheria yake ni ya 1964. Ila sheria hiyo imechora mstari kwenye mwaka 1863. Jengo la kabla ya hapo linalindwa moja kwa moja. La baada ya hapo linasubiri waziri alitangaze. Sasa tazama Boma la Kale pale Sokoine Drive, Dar es Salaam, mkabala na bandari. Lilijengwa zama za Sultani Majid wa Zanzibar, mwaka 1866 hadi 1867. Limepitwa na mstari kwa miaka mitatu, minne hivi! Kijiji cha Mzizima kilikuwepo hapo awali, lakini mji wa mawe wa Dar es Salaam karibu wote umezaliwa upande wa pili wa mstari. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kukumbusha, wa kupiga picha, wa kuandika barua na kufuatilia majibu yake. Hapo ndipo jumuiya inapohitajika.

Haina mamlaka ya kumzuia mtu kubomoa, wala si mmiliki wa kitu. Nguvu yake ni kuwahi. Wanachama husoma matangazo ya kusudio la kubadili matumizi ya kiwanja, wakaenda serikali ya mtaa na manispaa kuuliza, wakapeleka pingamizi muda ungalipo. Tingatinga likishafika, hata barua nzuri namna gani haisaidii.

Kazi nyingine ni ya ufundi, na naipenda zaidi. Nyumba kama Boma imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari ikashikwa na boriti za mikoko. Ukuta wa chokaa hupumua: mvua za masika zikiulowesha, jua likiwaka unakauka. Mwenye nyumba akiona ufa, huita fundi apige lipu ya saruji, kwa nia njema kabisa. Saruji inaziba. Unyevu unakwama ndani, chumvi inachanua ukutani kama unga mweupe, na baada ya muda lipu inabanduka kwa vipande vikubwa na kuondoka na uso wa jiwe. Mwanachama anayejua hilo, akafika kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa, amefanya kazi kubwa kuliko mkutano wa siku nzima.

Sikubaliani na wanaodhani urithi ni majengo ya Wajerumani tu. Kanisa la Azania Front, lililokamilika 1902, ni zuri na lilindwe. Lakini nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku na baraza mbele, nayo ndiyo Dar es Salaam, na inatoweka kila siku kupisha maghorofa. Kadhalika msitu wa Pugu, bonde la Msimbazi, na mikoko ya pwani.

Nenda Kunduchi, kaskazini mwa jiji, kwenye magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo. Tazama nguzo kwa karibu: kuna vishimo vya duara vilivyochongwa kwa ustadi. Humo ziliwahi kupachikwa bakuli za kauri kutoka China, za kumheshimu marehemu. Ukitia kidole, unaigusa chokaa iliyoishika bakuli.